Daftari la ld.so

Mwaka 2012 dada yangu alikuwa anamalizia tasnifu ya uzamili kuhusu sangara wa Ziwa Victoria, nami ndiye niliyekuwa fundi wake. Kompyuta ya mezani ya pale nyumbani Mwanza ilikuwa na Fedora, aina mojawapo ya mfumo wa Linux. Programu yake ya hesabu ilitaka maktaba (fungu la msimbo ulio tayari ambao programu huazima) iitwayo GSL, na kwa kuwa bando lilikuwa ghali, nilileta msimbo wa GSL kwenye flashi nikaukompaili, yaani nikaugeuza kuwa lugha ya mashine, kisha nikaikompaili na programu yenyewe. Hakuna kosa hata moja lililojitokeza.

Nilipoiwasha ikagoma: libgsl.so.0 (faili la GSL) haifunguki, faili halipo. Halipo vipi, na mimi naliona ndani ya /usr/local/lib? Nikaandika kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, export LD_LIBRARY_PATH=/usr/local/lib, ili maktaba zitafutwe humo pia, nikaiwasha tena, ikafunguka. Dada akashukuru, tukaenda kula.

Asubuhi akaniamsha. "Mdogo wangu, imegoma tena."

Safari hii alikuwa amebofya ikoni. Ile amri yangu ya jana iliishi ndani ya dirisha moja tu la terminali, na nilipolifunga ikaondoka nalo. Niliumia, kwa sababu siku ya kukabidhi kazi ilikuwa karibu na nilikuwa nimemwambia kwamba imepona.

Nikakaa kitako nikaipima programu kwa ldd, amri inayoonyesha kila maktaba inayohitajika na mahali ilipopatikana. libm na libc, maktaba za kawaida za mfumo, zilikuwa na anwani zao ndani ya /lib64. Mbele ya libgsl.so.0 na libgslcblas.so.0 paliandikwa not found.

Programu inapowashwa, kipakiaji cha maktaba kiitwacho ld.so hakipekui diski nzima. Husoma daftari lake, /etc/ld.so.cache, na kuangalia folda chache za mfumo. Kwenye Ubuntu, Linux ya aina nyingine, /usr/local/lib imo katika orodha inayotengeneza daftari hilo. Kwenye Fedora yetu haikuwamo. Wakati wa kukompaili hapakuwa na shida kwa kuwa kiunganishi, ld, kinachoifunga programu na maktaba zake wakati huo, huitazama folda hiyo chenyewe. Hao ni wawili tofauti, na mimi nilikuwa nawachukulia kama mmoja.

Rafiki niliyempigia alinishauri ninakili mafaili niyatupie /usr/lib64. Nilikataa. Folda hiyo ni ya vifurushi vya mfumo, na faili la kupachika humo huja kugongana na sasisho siku umeshalisahau.

Nikaingia kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote ya mfumo, nikaunda faili local.conf ndani ya /etc/ld.so.conf.d, nikaandika mstari mmoja: /usr/local/lib. Kisha ldconfig, amri ya kuliandika upya daftari lile, ambayo haikusema neno. Nikarudia ldd, na maktaba zote mbili zikawa na anwani.

Sikugusa kipanya. Nilimwachia dada abofye ikoni mwenyewe. Dirisha likafunguka, naye akavuta kiti karibu na kuanza kuingiza vipimo vya samaki wake.