Bodi inayotengenezeka: nilivyounganisha swichi za ndege na kompyuta nyumbani

Mpwa wangu alipoanza kusomea urubani, alikuja kwangu Tabata na laptopu yenye X-Plane 11, simuleta ya kuigiza kurusha ndege, akaniambia, "Mjomba, wewe fundi. Hizi swichi haziwezi kuwa swichi za kweli?"

Nilikaa pembeni nikamtazama akiwasha Cessna 172. Anavuta kipanya hadi kwenye swichi nyekundu ya umeme mkuu, anabofya. Anageuza picha kutafuta pampu ya mafuta, anabofya. Anageuza tena kutafuta taa. Kwenye ndege yenyewe mkono wa rubani unajua pa kwenda bila macho kuusindikiza, na hilo kipanya hakitalifundisha hata ukikitumia mwaka mzima. Saa moja ya kuruka na mwalimu ni pesa ambayo dada yangu anaihangaikia. Kila ambacho kijana anaweza kukizoea akiwa chini, bora akizoee huku chini.

Bodi za kazi hii zinauzwa tayari, nyingi zinatoka Ulaya na Marekani, na ni nzuri. Lakini ukijumlisha bei, usafiri na ushuru, unakuwa umenunua laptopu ya pili. Halafu kuna jambo ambalo kwangu mimi fundi lilikuwa zito kuliko bei: IC zake nyingi, yaani vile vijumba vyeusi vyenye saketi ndani, zimebandikwa usoni mwa bodi, ndogo kama punje ya mchele. Ikiungua moja, mafundi wengi wa mtaani hawana kifaa cha kuitoa. Nikajiwekea sharti kabla sijashika kitu: vifaa vyote vipatikane Kariakoo, na kikiungua kimoja, fundi redio yeyote aweze kukibadilisha.

Nilianza na kibodi ya zamani, maana ilikuwepo dukani. Nikatoa ile bodi ndogo ya ndani, nikafuatilia njia zake kwa testa, nikachomelea waya kumi na mbili za swichi. Ilifanya kazi jioni moja. Kesho yake mpwa wangu akawasha umeme mkuu, taa ya bikoni inayomweka na taa za nav za mabawani, na pampu ya mafuta ikajiwasha yenyewe.

Nilizunguka na testa usiku huo nikitafuta waya zilizogusana, hazikuwepo. Kosa lilikuwa kwenye mpango wenyewe wa kibodi. Ndani yake kuna gridi ya mistari ya kulala na ya kusimama, na kila kitufe kinakaa kwenye makutano. Ukibonyeza vitatu vinavyofanya kona tatu za mstatili, umeme unazungukia kona hizo tatu na kompyuta inaamini umebonyeza na cha nne. Kwa mwandishi si neno, kidole kinagusa na kuondoka. Swichi ya ndege ikiwashwa inabaki imewashwa saa nzima. Dawa yake ni dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, moja kwa kila swichi, 1N4148 inafaa kabisa, lakini ndani ya kibodi iliyokwisha kuundwa hakuna pa kuzipenyeza. Nikaiacha.

Hatua ya pili ilikuwa Arduino, bodi ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu mwenyewe, aina ya Mega, ile yenye pini 54 za kidijitali. Kila swichi na pini yake, hakuna gridi. Nikadhani nimemaliza. Waya zikawa fungu nene kama mkono wa mtoto, kila moja karibu mita moja na nusu, na tukaanza kuona taa ya bikoni ikizimika yenyewe mara moja moja. Mpwa wangu ndiye aliyegundua. "Mjomba, sikiliza friji." Kweli, friji ya sebuleni ikianza kunguruma tu, bikoni inacheza. Waya ndefu ni antena. Rezista zilizomo ndani ya Arduino, zinazoishikilia pini kwenye volti 5 mpaka swichi iishushe, ni za kiloomu 20 hadi 50, na mshiko huo ni mlegevu kwa waya ya urefu ule. Nikaweka nyingine kwa nje, kiloomu 4.7 kila mstari, na kapasita ndogo zile za rangi ya udongo zilizoandikwa 104. Friji ikanguruma, bikoni ikatulia.

Lakini sikupenda Mega. Ilikuwa ghali kuliko kazi niliyoipa, na pini moja ikiungua umeharibu bodi nzima. Hapo nikakumbuka 74HC165. Ni IC ya miguu 16 inayopokea swichi nane kwa pamoja, kisha inazitoa moja moja kwenye waya mmoja, kama kondakta anayeshusha abiria kwa mlango wa mbele. Ya kwanza inaipokea ya pili, ya pili inaipokea ya tatu. Tano zikishikana mikono zinasoma swichi 40 kwa pini tatu tu za Arduino. Nikahesabu mahitaji ya Cessna: swichi za umeme na taa 11, ufunguo wa magneto wa kuwashia injini nafasi 5, flapu za mabawani nafasi 4, kichagua tangi nafasi 3, vifundo vya redio na trimu, breki ya kuegesha. Zilifika 36. Zikabaki nafasi nne za akiba.

Kumbuka kwamba 74HC165 haina rezista za ndani kabisa. Mguu usioshikiliwa utaelea, na utasoma swichi za mizimu. Rezista 40 ni kazi ya kuchosha kuzichomelea, lakini usiruke hata moja.

Bodi niliichapa kwa pasi. Unachora njia kwenye kompyuta, unaprinti kwa printa ya leza kwenye karatasi ya kung'aa ya gazeti la rangi, maandishi yakiwa yamegeuzwa kama kwenye kioo. Bamba la shaba unalisugua kwa steelwaya mpaka ling'ae kama sufuria mpya, unalalisha karatasi juu, unapiga pasi kavu ya moto dakika nne au tano bila kuisogeza hovyo. Kisha unatumbukiza kwenye maji, unasubiri karatasi ilainike, unaimenya kwa kidole gumba taratibu sana. Wino unabaki kwenye shaba. Hapo ndipo unaweka kwenye dawa ya kula shaba, feriki kloraidi, unatikisa beseni la plastiki kama unapepeta mchele. Shaba isiyofunikwa na wino inaliwa, inabaki ramani yako. Vaa glavu, doa lake halitoki kwenye nguo wala kucha kwa urahisi, na usiimwage kwenye sinki wala mtaroni. Yangu naihifadhi kwenye chupa ya plastiki yenye maandishi makubwa, mbali na watoto.

Bodi mbili za kwanza ziliharibika kwa sababu nilichapa njia nyembamba mno. Ya tatu nikazifanya pana, na nikaruhusu waya chache za kuruka kwa juu. Ikatoka.

Halafu soketi. Kila IC nimeikalisha kwenye soketi, sikuichomelea moja kwa moja. Shilingi mia tano kila moja, na kuna walioniambia ninapoteza pesa. Jibu nililipata wiki ileile nilipofanya upande wa taa.

Cessna ina taa za onyo: mafuta kidogo, presha ya oili, vakyumu, volti. Kwa hizo nilitumia 74HC595, ndugu wa ile ya kwanza lakini inayofanya kinyume, inapokea kwa waya mmoja na kuwasha taa nane. Nikaweka rezista za omu 100 maana ndizo zilizokuwa mkononi. Taa moja moja zilipendeza. Nilipojaribu zote nane kwa pamoja, baada ya muda nikasikia ile harufu ambayo kila fundi anaijua, na nilipogusa IC ikaniunguza kidole. Hesabu ilikuwa rahisi kama ningeipiga mapema: IC nzima inaruhusiwa miliampea 70, mimi nilikuwa naidai karibu 240. Niliichokonoa kwa bisibisi, nikachomeka nyingine, nikabadili rezista kuwa za kiloomu moja. Taa za LED za siku hizi zinaonekana vizuri hata kwa miliampea tatu. Kama ningekuwa nimeichomelea, ningekaa jioni nzima nafyonza risasi kwenye miguu 16 na pengine ningeng'oa njia za shaba.

Namba za redio ndizo zilizonifurahisha kuliko chochote. Nilinunua moduli mbili za tarakimu nane nyekundu zenye MAX7219, IC inayoziwasha tarakimu hizo, zinapatikana zikiwa zimeshaundwa na ni nafuu kuliko kununua IC peke yake na tarakimu peke yake. Moja inaonyesha masafa yanayotumika, nyingine ya akiba. Zilipowaka mara ya kwanza na kuandika 118, mpwa wangu alinyamaza akazitazama tu. Lakini kila zilipojaa tarakimu nene, Arduino ilikuwa inajizima na kuanza upya. Moduli moja ikiwasha kila kitu inaweza kula karibu miliampea 330, na mlango wa kawaida wa USB unatoa 500 kwa bodi yote. Nikazipa chaja ya simu ya ampea mbili. Zikaanza kuandika vitu visivyosomeka. Nilikuwa nimesahau kuunganisha negetivu ya chaja na negetivu ya Arduino. Bila negetivu moja, bodi mbili hazikubaliani sifuri iko wapi, na kila ujumbe unaopita kati yao ni kelele.

Vifundo vya kuzungusha masafa ni enkoda, vinavyozunguka bila mwisho na kutoa ishara kwa kila hatua, na hapa nitoe onyo. Ukisoma enkoda kama swichi ya kawaida, mzunguko wa hatua moja unaruka masafa mawili au manne, kwa sababu ndani ya hatua moja ya mkono mawasiliano yake mawili yanabadilika mara nne. Nasoma mnyororo wote wa swichi kila milisekunde moja, nahesabu mabadiliko manne kuwa hatua moja. Swichi za kawaida nazo zinadunda zikiguswa, chuma kinaruka mara kadhaa kabla ya kutulia, kwa hiyo naipa kila swichi milisekunde kumi itulie ndipo niiamini.

Throto, yaani mkono wa nguvu za injini, na mchanganyiko wa mafuta ni volyumu mbili za redio, za kiloomu 10. Nilinunua za kwanza bila kuangalia mgongoni. Throto ikawa inalala robo tatu ya safari, kisha inaruka hadi nguvu zote. Mgongoni iliandikwa A10K, ya sauti, isiyopanda sawasawa. Unayoitaka ni B10K.

Sasa upande wa kompyuta. Mwanzo nilitumia bodi yenye IC ya ATmega32U4, inayojitambulisha kwa kompyuta kama jostiki ya michezo, maana haihitaji programu yoyote. Ilinishinda kwenye jambo moja. Kitufe cha jostiki kimezoea kubonyezwa na kuachwa, na amri ya kawaida ni "geuza". Mpwa wangu akifungua simuleta wakati swichi ya bikoni tayari iko juu, kila kitu kinakuwa kinyume: juu ni zima, chini ni washa. Kwa mwanafunzi hilo ni sumu, mkono unajifunza uongo. Nikaandika programu fupi ya Python inayopokea hali ya swichi zote kutoka kwenye Arduino na kuipeleka X-Plane kwa UDP, njia ya programu kutumiana ujumbe kwenye mtandao, mlango 49000. Haisemi "geuza", inasema "bikoni iko juu", na inarudia hali nzima kila sekunde mbili. Njia hiyohiyo inaleta masafa na taa za onyo kurudi kwenye bodi. Na kwa kuwa sihitaji tena jostiki, Arduino Nano ya kawaida inatosha, ambayo ni rahisi zaidi. Wasiotaka kuandika programu wanaweza kutumia MobiFlight, programu iliyokwisha kuandikwa kwa kazi hii, ni ya bure na inazielewa bodi za Mega, Uno na Pro Micro.

Bodi ya swichi, pamoja na Nano, IC tano, soketi, rezista na bamba la shaba, ilinigharimu elfu arobaini na kitu. Tarakimu na swichi zenyewe ni juu ya hapo. Paneli ni plaiwudi niliyoipaka rangi ya kijivu.

Mwaka uliofuata kijana mmoja wa Mwanza aliniomba nimtengenezee ya kwake. Niliituma kwa basi, na chini ya kifuniko nikabandika bahasha yenye IC mbili za akiba na mchoro wa saketi uliokunjwa. Baada ya miezi michache akapiga simu, sauti imeshuka. Aligusisha waya wa volti 12 kwenye swichi, na sasa swichi nane zimekufa. Nikamwambia, "Peleka kwa fundi redio aliye karibu nawe, mpe bahasha, mwambie ni ya pili kutoka kushoto."

Jioni ilinipigia namba nisiyoijua. "Kaka, mimi ndiye niliyeshika ile bodi ya ndege. Nimebadilisha, inafanya kazi. Huu mchoro umefutika kwenye kona, nitumie mwingine. Kuna mtu hapa anataka na ya kwake."

Nilimtumia usiku uleule.