Gia za nyuma zilipokuwa zikiruka, skrubu hazikuwa na kosa

Kila niliyemweleza kwamba gia za nyuma za baiskeli yangu ya milimani zinaruka alinipa jibu lile lile: chukua bisibisi, zungusha zile skrubu mbili ndogo za kibadilisha gia, yaani kile kifaa cha nyuma kinachousogeza mnyororo kutoka gia moja hadi nyingine. Ushauri huu unaudhi kwa sababu hutolewa kwa uhakika mkubwa ilhali hauhusiani na ugonjwa wenyewe. Skrubu yenye herufi H na ile yenye herufi L kazi yake ni kuweka mipaka tu: ya kwanza huuzuia mnyororo usitoke nje ya gia iliyo ndogo kuliko zote, na ya pili huuzuia usipite gia kubwa ukaangukia kwenye spoku. Mipaka ya baiskeli yangu ilikuwa salama. Mnyororo ulipanda kwenda gia nyepesi, yaani zile kubwa, bila taabu, lakini nilipobonyeza wenzo wa kwenye usukani ili urudi kwenye gia nzito, zile ndogo, ulisita, ukakwaruza, kisha ukaruka gia mbili kwa mpigo wakati mguu umekanyaga pedali kwa nguvu zote.

Fundi niliyempelekea alizizungusha skrubu zote, na alipoona hali haibadiliki akatangaza kwamba kaseti, yaani lile fungu la gia za gurudumu la nyuma, imekwisha pamoja na mnyororo wake. Nililipia vyote viwili, na si kwa fedha kidogo, na kwenye mlima wa kwanza gia ziliruka vile vile. Ndipo nilipochukua rula nikaupima mnyororo uliotolewa. Mnyororo mpya, ukihesabu kutoka pini moja hadi pini ya 24 baada yake, una milimita 304.8, yaani inchi 12 kamili. Hubadilishwa urefu huo ukishazidi kwa asilimia 0.5 au 0.75, kutegemea idadi ya gia. Wangu haukuwa umezidi hata kwa milimita moja. Anayetaka kukuuzia kaseti mwombe kwanza akupimie mnyororo mbele ya macho yako.

Dalili iliyonifungua macho ni hii: nilipoukaza waya wa gia mpaka mnyororo ukapanda vizuri, ulikataa kushuka, na nilipoulegeza mpaka ukashuka vizuri, ulikataa kupanda. Kupanda ni kazi ya mkono wako kuvuta waya. Kushuka ni kazi ya springi ya kibadilisha gia, ambayo ni dhaifu kuliko kidole chako. Hali zote mbili zikigoma kukubaliana na mkazo mmoja, tafuta mahali waya unapokwama, kwa maana hakuna kiasi cha kukaza kitakachokuokoa.

Njia ya kupatafuta ni rahisi. Peleka mnyororo kwenye gia kubwa, simamisha magurudumu, kisha bila kugusa pedali bonyeza wenzo kana kwamba unarudi hadi gia ndogo kuliko zote. Waya utalegea wote, na katika fremu ambazo vishikizo vyake vya waya vina mwanya utaweza kuyachomoa maganda ya waya, yaani ile mirija ambayo waya hupita ndani yake, na kuyatelezesha kwa mkono. Ganda la mbele lilitelezea waya kama maji. Lile la mwisho, linalojikunja kuingia kwenye kibadilisha gia, lilikwama kana kwamba limejaa mchanga, na nilipolitikisa ulitoka uji wa kutu wenye rangi ya chai. Nikalikata ncha ili nione ndani, na hapo nikapata kilichonikasirisha kweli: lilikuwa ganda la waya wa breki. Ganda la breki limefumwa kwa utepe wa chuma uliozungushwa kama springi, kwa hiyo hubonyea na kubadilika urefu kila linapokunjwa. Ganda la gia lina nyaya nyembamba zinazokwenda sambamba na urefu wake, na halibonyei. Katika kaseti ya gia 10, kutoka gia moja hadi ya pili ni karibu milimita 4 tu, kwa hiyo ganda linalobonyea kidogo tu linatosha kuvuruga kila kitu. Kinyume chake ni hatari zaidi, na nasisitiza: usiweke ganda la gia kwenye breki, kwa sababu nguvu ya breki inaweza kulipasua.

Kwa waya mpya na ganda sahihi la milimita 4 mnyororo ulishuka upesi, lakini gia tatu kubwa ziliendelea kunung'unika wakati zile ndogo zikiwa kimya. Mkazo unaofaa upande mmoja wa kaseti na kukosea upande wa pili humaanisha kwamba kibadilisha gia kimening'inia upande, na kinachopinda kwa kawaida ni sikio lake, kile kipande laini cha alumini kilichofungwa kwenye fremu.

Kifaa cha kulipimia sikuwa nacho, na hapa ndipo ninapojivunia. Tundu la sikio lina nyuzi za skrubu za milimita 10 kwa 1, yaani kipenyo cha milimita 10 na milimita 1 kutoka uzi hadi uzi, na ekseli nyingi za nyuma zenye wenzo wa kufungulia haraka zina nyuzi hizo hizo. Nilikifungua kibadilisha gia, nikaazima gurudumu la nyuma la baiskeli nyingine, nikaiskrubu ncha ya ekseli yake, ule upande usio na kaseti, ndani ya sikio. Unazungusha ekseli, si rimu, na unaanza kwa vidole ili nyuzi zisiumane vibaya. Pedali ya kulia niliisogeza mbele isiguse rimu. Nikawa na magurudumu mawili yamesimama bega kwa bega, na kama sikio limenyooka, rimu zake lazima ziwe sambamba pande zote. Rula ilionyesha kwamba nafasi ya chini ilikuwa ndogo kuliko ya juu kwa karibu sentimita nzima! Nililishika gurudumu la kuazima kwa mikono miwili nikalivuta nje polepole, nikapima, nikavuta tena, mpaka tofauti ikabaki milimita mbili tatu. Usivute kwa mshtuko, wala usilipinde sikio huku na huku, kwa sababu alumini hukatika. Angalia pia kwamba ekseli si ya vipimo vya inchi, maana kwa macho zinafanana na nyuzi zitaharibika.

Baada ya hapo mipaka iliyochezewa niliirudisha mahali pake, nikafunga waya, na marekebisho yaliyobaki niliyafanya kwa kile kirekebishi cha mviringo ambacho waya hupitia, robo mzunguko kwa wakati mmoja: kinyume cha saa mnyororo ukisita kupanda, kufuata saa ukisita kushuka. Kaseti na mnyororo wa zamani nimevirudisha, vinafanya kazi bila kelele. Ganda la mwisho sasa nalichomoa na kulikagua kila ninapoosha baiskeli baada ya matope, kwa kuwa liko chini kuliko mengine na maji yote huteremkia humo.