Babu na Bi Harusi wa Frankenstein

Mpwa wangu amenionyesha kwenye simu picha ya mwanamke mwenye nywele zilizosimama wima, zenye michirizi myeupe pembeni, akaniuliza kwa nini watu bado wanajipamba kama yeye. Nilimjibu kwa kifupi kwamba huyo ni Elsa Lanchester katika filamu ya Bride of Frankenstein ya mwaka 1935, na kwamba bi harusi mwenyewe huonekana kwa dakika chache tu, tena mwishoni. Jibu hilo ni sahihi, lakini Babu hakuwamo ndani yake.

Kanda aliileta Ami kutoka London, pamoja na deki. Usiku ule watu wote wa nyumbani walikuwa wamekwenda harusini, tukabaki Babu na mimi, naye alikuwa ameshapoteza macho. “Nifasirie,” aliniamuru, “lakini usinipambie.”

Filamu ya kwanza, ile ya mwaka 1931, sikuwa nimeiona, wala hapakuwa na haja, kwa kuwa hii ya pili inaanza na Mary Shelley, mwandishi wa hadithi yenyewe, akiwaeleza wenzake kwamba hadithi haikuishia pale kinu cha upepo kilipoungua. Babu aliridhika na mwanzo huo. Kisha zimwi lililoumbwa na mwanasayansi Henry Frankenstein likafukuzwa, likakamatwa, likavunja minyororo na kukimbilia msituni, mimi nikifasiri mbio kadiri nilivyoweza, hadi ilipoanza kusikika fidla.

“Nyamaza,” akasema Babu.

Alikuwa amekesha usiku mwingi akiisikiliza Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab cha Zanzibar, na fidla hakuhitaji kufasiriwa. “Anajipigia mwenyewe huyo,” akaamua baada ya muda. “Hana msikilizaji.” Nilikuwa naona kwamba mpigaji ni mzee kipofu anayeishi peke yake kibandani, na kwamba zimwi, likiwa na jeraha, limevutwa na muziki hadi mlangoni pake, ila neno “kipofu” lilinikwama, na Babu alilitambua mwenyewe kwa namna yule mzee alivyomkaribisha mgeni bila kushtuka. “Haoni, siyo?” akauliza, nami nikakiri, naye akacheka kidogo na kusogeza kiti karibu na televisheni. Yule mzee akamlisha mgeni wake, akamshukuru Mungu kwa kuletewa rafiki, na zimwi likatokwa na chozi. Hilo nililisema kwa sauti ndogo, maana chozi halisikiki.

Baadaye zimwi linafundishwa kusema: mkate, kinywaji, rafiki, kizuri, kibaya. Babu, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha bandarini, alinizuia kwa mkono. “Hiki nakielewa bila wewe.” Akawa anayarudia maneno yale pamoja na Boris Karloff, mwigizaji wa zimwi, mmoja kwenye kioo na mmoja kwenye kiti, nami nikawa sina kazi. Karloff mwenyewe hakupenda zimwi lisemeshwe, akiona kwamba kufanya hivyo ni kosa. Namheshimu sana, lakini lingebaki bubu, Babu angepata nini usiku ule zaidi ya miguno? Mara nyingine nadhani ndiyo sababu filamu hii iliyoongozwa na James Whale haichakai, ingawa huenda nasema hivyo kwa kuwa niliitazama na mtu aliyeisikiliza tu.

Wakaja wawindaji wawili waliopotea njia, wakalitambua zimwi, pakazuka mapambano, na kibanda kikashika moto. “Wenye macho wamefika,” Babu akasema kwa hasira.

Yaliyofuata hayakumgusa. Daktari Pretorius, anayetaka zimwi liumbiwe mke, na watu wake wadogo waliofungiwa katika chupa walimchosha; mitambo na radi zilikuwa kelele tupu, isipokuwa ngoma ya Franz Waxman, mtunzi wa muziki wa filamu hiyo, inayodunda kama moyo. Hatimaye bi harusi akafunguliwa uso, akaliona zimwi, akapiga ukelele na kufoka kwa pumzi. Babu akageuza kichwa.

“Bata bukini ameingiaje humo?”

Nilicheka hadi nikasimamisha kanda. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Lanchester alisema mfoko ule aliuiga kwa bata maji wakubwa weupe wa Regent’s Park, jijini London.

Nilimweleza Babu mwisho: zimwi linamruhusu Henry Frankenstein aondoke na mkewe, kisha linabaki na Pretorius na yule mwanamke, linavuta mkono wa mtambo na kulipua jengo zima. Akanyamaza kidogo. “Na huyo mwanamke, yupo aliyemuuliza?” Hapakuwa na aliyemuuliza, ameumbwa kwa ajili ya zimwi, amekataa, amekufa. Mimi nilikuwa upande wa zimwi, kwa yote waliyolitenda, na nikamkumbusha Babu kibanda kilichoungua. Akasema kibanda hakikuchomwa na mwanamke huyo. Bado sijapata jibu la hoja hiyo, na kila nikiitazama filamu napita upande huu na ule.

Tulikuwa tunabishana waliokwenda harusini waliporejea. Babu akawaambia kuwa na sisi tulikuwa na harusi yetu, ila bi harusi alikataa, na mwenye shughuli akachoma ukumbi.