Kupiga picha fataki za nyota zinazopasuka

Krosete ni nyota ya fataki inayopaa ikiwa moja, kisha hupasuka angani, mara nyingi vipande vinne, na kuchora msalaba. Ili picha ioneshe msalaba mzima, shata (pazia linaloingiza mwanga kwenye kamera) lazima ifunguke kabla nyota hazijapasuka.

Weka kamera kwenye tripodi, modi ya B (shata hukaa wazi muda wote unapobonyeza), ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), tundu la lenzi f/11 (namba ikikua, tundu hupungua). Bonyeza rimoti kombora likipaa, achia michirizi ikizimika. Kwa kawaida ni sekunde 2 hadi 4. Wengi hupunguza muda wanapoona picha imeungua, yaani mwanga umezidi, na hapo ndipo wanapokosea. Nyota inatembea, kwa hiyo mwanga wa mchirizi wake hutegemea tundu na ISO. Muda huongeza tu idadi ya milipuko na weupe wa anga. Nyota za fedha zikitoka nyeupe tupu bila rangi, funga tundu hadi f/16. Zile za dhahabu iliyofifia, fungua hadi f/8.

Fokasi: lenga taa ya mbali, kisha hamia fokasi ya mkono. Usizungushe tu pete hadi mwisho. Lenzi nyingi hupita alama ya mbali kabisa.

Zima kipunguza chembechembe cha picha za muda mrefu (long exposure noise reduction), maana baada ya picha ya sekunde 4 kamera hukaa nyingine 4 bila kupiga. Zima pia kituliza mtikisiko. Piga RAW, faili ghafi lisilochakatwa na kamera.

Simama upepo unakotoka. Dakika za mwanzo ndizo safi. Baadaye moshi hutia ukungu kila kitu.