Jembe la Siku ya Kwanza: Jinsi Tovuti Yetu ya Programu Huria Ilivyokuwa Ikiwafukuza Wageni

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mmoja wa wasimamizi wa mradi mdogo wa programu huria, yaani programu ambayo maandishi yake, au msimbo, yako wazi kwa yeyote kuyatumia na kuyabadilisha. Programu yetu husoma nyaraka zilizopigwa picha kwa skana, hutambua maandishi yaliyomo, kisha huyaweka katika faharasa ili mtu aweze kutafuta neno lolote ndani yake. Tovuti ya mradi niliiandika mimi kwa sehemu kubwa, na kwa muda mrefu niliamini kwamba ni tovuti nzuri, kwa sababu hakuna jambo ambalo halikuwemo. Sentensi yake ya kwanza ilieleza kuwa hii ni injini ya faharasa yenye moduli zinazojitegemea, isiyofungamana na hifadhidata yoyote. Kila neno katika sentensi hiyo lilikuwa la kweli. Siku moja nilimwomba rafiki yangu, mtu anayetumia kompyuta kazini kila siku lakini asiyeandika programu, aifungue tovuti hiyo mbele yangu na kuiweka programu kwenye mashine yake bila msaada wowote. Aliisoma sentensi ile mara mbili, akateremka hadi chini ya ukurasa, akapanda tena juu, kisha akaniuliza: "Sasa hii inafanya nini?"

Nilikuwa nimejiwekea sharti la kutosema kitu, na nusu saa iliyofuata ilikuwa ndefu kwangu kuliko kwake. Kitufe cha kupakua kilimpeleka kwenye hazina ya msimbo, na huko alikutana na orodha ya faili kumi na moja, nyingine zikiishia na .tar.gz, nyingine .asc, nyingine .sha256, na mbili zikitofautiana kwa aina ya prosesa pekee. Alichagua ya kwanza kwa kuwa ilikuwa ya kwanza. Hiyo ilikuwa msimbo chanzo mtupu, kabla haujageuzwa kuwa programu ya kuendeshwa, ambao mtu asiye mwandishi wa programu hawezi kuufanyia lolote. Aliufungua, akaona folda zenye majina asiyoyafahamu, akaomba radhi kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Kabla ya siku hiyo nilidhani kuwa ukarimu wa tovuti ni suala la rangi, michoro na maneno mazuri. Neno "Karibu" tulikuwa nalo, tena kwa herufi kubwa. Lakini kilichomchosha rafiki yangu ni maamuzi tuliyomtwisha. Kabla hajaiona programu hata mara moja, tulimtaka achague kati ya toleo thabiti na toleo la majaribio, aijue prosesa yake, aamue kama ataiweka kwa kisimamizi cha vifurushi, kwa kontena au kwa kuijenga mwenyewe. Kila swali kati ya hayo lina jibu zuri, ila jibu hilo analo mtu ambaye tayari ameitumia programu kwa miezi sita. Tulikuwa tunamwuliza mgeni njia ya kwenda chumbani akiwa bado anabisha hodi.

Hatukuwa peke yetu katika hili. Chukua Python, lugha ya kuandikia programu: Python 3 ilitoka mwishoni mwa mwaka 2008, na Python 2 iliendelea kuhudumiwa hadi tarehe 1 Januari 2020, kwa hiyo kwa zaidi ya miaka kumi anayeanza kujifunza lugha hiyo alikutana na matoleo mawili yasiyopatana kikamilifu, akatakiwa kuchagua. Makala nyingi ziliandikwa ili kumsaidia kuchagua, na nyingi zilikuwa za haki na za busara, lakini kuwepo kwake tu kulikuwa dalili kwamba swali limeulizwa mahali pasipofaa. LibreOffice, programu huria za ofisini kama za kuandikia barua, nayo kwa miaka mingi imekuwa ikitoa matoleo mawili kwa wakati mmoja, moja jipya zaidi na jingine lililokomaa zaidi. Sababu zake ni nzuri, na taasisi yenye kompyuta mamia ina haki ya kutaka toleo lililotulia. Mtu anayetaka kuandika barua moja hana haja ya kujua kwamba matoleo hayo yapo.

Mfano unaonifikirisha zaidi ni wa Debian, mradi wa mfumo endeshi huria wa kompyuta ulioanza mwaka 1993 na ambao tangu mwanzo umekuwa na msimamo mkali kuhusu uhuru wa programu. Kadi nyingi za mtandao usiotumia waya haziwezi kufanya kazi bila programu ndogo zinazopakiwa ndani ya kifaa chenyewe, na programu hizo kwa kawaida si huria. Kwa kufuata msimamo wake, Debian haikuziweka ndani ya faili rasmi za usakinishaji. Zilikuwepo faili nyingine, zisizo rasmi, zilizokuwa nazo, lakini zilikaa mahali pengine ambapo mgeni asingefika kwa urahisi. Matokeo yake ni kwamba mtu alipakua faili rasmi kwa nia njema, akaanza kusakinisha, akakuta kompyuta yake haina mtandao, na bila mtandao hawezi kupakua kile kinachohitajika ili mtandao ufanye kazi. Mwaka 2022 wanachama wa mradi walipiga kura kubadilisha utaratibu huo, na Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ikaja na programu hizo ndani ya faili rasmi.

Hakuna mbunifu wa tovuti ambaye angeweza kuitatua shida hiyo kwa kusogeza kitufe. Ukurasa wa kupakua ni mahali ambapo mabishano ya ndani ya mradi hutoka nje hadharani, na mgeni ndiye anayekabidhiwa kazi ya kuyaamua. Nilipoitazama tena orodha yetu ya faili kumi na moja niligundua kwamba ilikuwa hivyo kwa sababu wawili wetu hatukuwahi kukubaliana ni njia ipi ya usakinishaji iwe rasmi, na badala ya kumaliza ubishi tuliziweka zote, tukauita uamuzi huo uhuru wa mtumiaji. Ilitubidi kwanza tukae tuzungumze. Mazungumzo hayo yalichukua muda mrefu kuliko kuandika upya ukurasa wote. Sasa kuna kitufe kimoja kinachotambua mfumo endeshi wa anayekuja, na chini yake kiungo kidogo cha njia nyingine zote kwa wanaozihitaji.

Sentensi ya kwanza ilileta ubishi wa aina nyingine. Mwenzangu mmoja alihofu kwamba tukiiondoa habari ya moduli, waandishi wa programu wangetudharau. Nilimkumbusha kisa cha Rust, lugha nyingine ya kuandikia programu. Hadi mwaka 2018, ukurasa wa mbele wa lugha hiyo uliieleza kuwa ni lugha ya programu za mfumo, yenye kasi kubwa, inayozuia aina fulani za makosa ya kumbukumbu na kuhakikisha usalama wa nyuzi za utekelezaji. Desemba mwaka huo tovuti mpya ilizinduliwa, na sentensi ikawa inaitaja lugha inayomwezesha kila mtu kujenga programu za kutegemewa na zenye ufanisi. Waliokuwa wakiitumia tayari walilalamika kwa wingi kwamba maneno mapya hayashikiki, na kwamba mfano wa msimbo uliokuwa kwenye ukurasa wa zamani umeondolewa. Mimi nawaunga mkono nusu. Mgeni wa lugha ya programu mara nyingi ni mwandishi wa programu, na mtu huyo anataka kuona msimbo unavyofanana kabla ya kusoma ahadi yoyote. Mgeni wetu si huyo. Ana kabati la risiti na barua zilizoskaniwa, na kuna neno analolitafuta. Kwa hiyo sentensi yetu sasa inasema kwamba programu hii inakusaidia kutafuta neno ndani ya nyaraka zako zilizoskaniwa, na kwamba inafanya kazi kwenye kompyuta yako bila kupeleka chochote kwenye intaneti. Moduli zimehamia kwenye ukurasa wa waandishi wa programu, ambako zinasomwa na wanaozijali.

Chini ya sentensi hiyo tumeweka picha moja ya skrini. Sijui ni kwa nini ilituchukua miaka kuona kwamba haikuwepo.

Maelekezo ya kuanza yalihitaji kazi kubwa zaidi. Daniele Procida, mtaalamu wa uandishi wa maelekezo ya programu, katika mfumo anaouita Diátaxis, hugawa maandishi ya programu katika makundi manne: mafunzo kwa anayeanza, miongozo ya kazi mahususi, marejeleo, na maelezo ya dhana. Ukurasa wetu wa "Anza hapa" ulikuwa umeyachanganya yote manne, kiasi kwamba kati ya hatua ya pili na ya tatu palikuwa na aya tano kuhusu jinsi faharasa inavyohifadhiwa kwenye diski. Nilizipenda aya hizo, lakini nilizihamisha. Mafunzo mapya huanza na waraka wa mfano unaokuja pamoja na programu, ili mtu asihangaike kutafuta faili inayofaa, na baada ya kila hatua yanaonyesha kile anachopaswa kukiona kwenye skrini. Tuliondoa pia alama ya dola iliyokuwa ikitangulia kila amri. Kwa aliyezoea terminali, dirisha la kuandikia amri za kompyuta, alama hiyo humaanisha tu kwamba hapa pameandikwa amri. Kwa asiyezoea ni sehemu ya amri yenyewe, naye huinakili, na kompyuta humjibu kwa kosa ambalo hakuna ukurasa wowote unaolieleza.

Mambo mengine yalikuwa madogo. Maandishi yetu ya kijivu hayakufikia uwiano wa 4.5 kwa 1 kati ya rangi ya maandishi na ya mandharinyuma, unaotakiwa na WCAG, mwongozo wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wote, kwa maandishi ya kawaida, tukayatia wino. Ukurasa wa habari ulionyesha tangazo la miaka mitatu iliyopita ilhali msimbo ulikuwa ukibadilika kila wiki, hivyo mgeni aliuona mradi kuwa umekufa. Tuliufuta ukurasa huo, na mahali pake pakakaa tarehe ya toleo la mwisho, ambayo hujibadilisha yenyewe.

Limebaki suala la wachangiaji. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulikuwa tunampa jembe mlangoni, kwa kuwa kitufe kikubwa kuliko vyote kwenye ukurasa wa mwanzo kiliandikwa "Changia", na kilimdai mtu mchango kwa programu ambayo bado hajaiendesha. Tumekiondoa hapo juu, na mwaliko wa kuchangia sasa unakuja mwishoni mwa mafunzo, baada ya mtu kupata alichokijia. Anayeufuata anakuta kazi chache zilizowekewa alama ya kuwa zinafaa kwa wanaoanza. Alama hizo ni za kawaida katika miradi mingi, na katika miradi mingi zimechakaa: kazi imekaa miaka miwili, haijulikani kama bado inahitajika, wala nani aulizwe. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba kazi haipewi alama hiyo mpaka ieleze ni faili gani ya kuanzia, matokeo yanayotarajiwa, na jina la msimamizi atakayejibu.

Tunamwomba pia kila anayeandaa mazingira ya kazi kwa mara ya kwanza aandike, bila adabu nyingi, kila mahali alipokwama. Mgeni njoo mwenyeji apone, na hapa mwenyeji ana ugonjwa usiotibika kwa njia nyingine, maana mimi siwezi tena kuyasoma maelekezo yetu bila kujaza kichwani yale yasiyoandikwa. Mchangiaji mmoja aligundua kwamba hatua ya nne ilitegemea maktaba, yaani msimbo wa ziada ambao programu huutumia, ambayo sote tulikuwa nayo kwenye mashine zetu tangu zamani na ambayo haikutajwa popote. Baada ya wiki moja naye angekuwa ameisahau.

Ninaendelea kuwatazama watu wakiifungua tovuti, mmoja mmoja, nikiwa kimya. Wengi sasa wanaipata faili sahihi kwa mbofyo mmoja. Wanapokwama ni hatua inayofuata, pale mfumo endeshi unapowaonya kwamba programu hii imetoka kwa mtengenezaji asiyejulikana, kwa sababu cheti cha kutia saini programu hulipiwa kila mwaka nasi hatuna mfuko wa kukilipia. Tumeandika aya mbili za kulieleza onyo hilo, pamoja na picha yake na njia ya kuhakiki faili. Mtu wa mwisho niliyemtazama alizisoma zote mbili, akalirudia onyo, akaniangalia, nami sikusema kitu. Kisha akalifunga dirisha. Aya hizo naziandika upya wiki hii.