Madaftari ya Yadi

Jana baada ya Isha baba aliniita barazani, akaniwekea mapajani ufunguo wa yadi na madaftari matatu yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Hakusema mengi. "Macho hayanisaidii tena, mwanangu. Shika wewe." Nimelala nayo kando ya mto, na tangu alfajiri nayasoma.

La kwanza ni la babu. Babu alianza utingo kwenye lori la shamba la mkonge upande wa Muheza, miaka ya hamsini mwanzoni, wakati vita vya Korea vilipopandisha bei ya mkonge na Tanganyika ikawa inaongoza dunia kwa zao hilo. Tanga nzima ilikula mkonge: reli, bandari, maduka, mpaka mahari za watu. Kutoka utingo akawa dereva, na udereva ukamfanya fundi, maana lori likikufia katikati ya shamba huna wa kumwita. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, mashamba mengi yakataifishwa. Bei nayo ilikuwa inashuka, kamba za plastiki zimeshaingia sokoni. Shamba lake likaanza kupunguza magari. Babu akanunua Bedford mnadani, halina injini, likavutwa kwa trekta mpaka Ngamiani na kuegeshwa nyuma ya nyumba. Bibi alikuwa akituhadithia kuwa kuku wake waliatamia ndani ya kabini miaka miwili kabla lile lori halijanguruma.

Hilo ndilo gari la kwanza kuuzwa na ukoo wetu, na ndilo lililojaza ukurasa wa kwanza. Nanakili kama lilivyo:

"Breki ya nyuma kushoto inachelewa kushika. Gia ya tatu inaruka ukishuka mlima. Mlango wa utingo haufungi, tumia kamba."

Chini ya maneno hayo kuna bei. Chini ya bei, dole gumba la mnunuzi, wino wa bluu uliofifia. Yule bwana hakujua kusoma, kwa hiyo babu alimsomea neno kwa neno, kisha ndipo akamtajia pesa. Nimefungua ukurasa baada ya ukurasa na mpangilio haubadiliki: ubovu kwanza, bei baadaye. Sikuwahi kumsikia babu akilieleza jambo hili. Alilifanya tu.

Nilichokiona kwa macho yangu ni namna alivyokagua. Alikuwa na sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, ameishonea kitambaa isikwaruze rangi. Aliipitisha kwenye bodi polepole, kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. Mahali ilipoacha kushika, hapo pana puti ya kuzibia mbonyeo, gari lilishagongwa. Kisha anachomoa kijiti cha oili na kukipangusa kwa kidole: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, gasketi ya silinda hedi imekwisha. Mwisho analala chini kabisa, kwa sababu magari ya mji wa pwani huliwa na chumvi kuanzia tumboni.

Kurasa za baada ya vita vya Kagera ni chache mno. Mafuta hakuna, fedha za kigeni hakuna, gari jipya ni mpaka kibali. Watu hawakuuza magari miaka ile, waliyafufua.

Halafu linaanza daftari la baba. Ni zama za Rais Mwinyi, milango ya biashara imefunguliwa, na magari yaliyotumika Japani yanamiminika. Wajapani huendesha kushoto kama sisi, usukani uko kulia, gari linashuka melini na kuingia barabarani. Baba aliyafuata Dar es Salaam, akayaleta kwa njia ya Chalinze na Segera. Gereji ya babu ikageuka yadi.

Katika daftari hilo kuna ukurasa wenye neno moja: "Safi." Ni Corolla nyeupe aliyouziwa mwalimu mmoja wa Pangani. Miezi mitatu baadaye injini ikafa. Baba alipoufungua mlango wa dereva vizuri, akaona kwenye fremu stika ya kubadilishia oili. Maandishi ya Kijapani hakuyajua, lakini tarakimu ni tarakimu: kilomita 141,000. Dashibodi ilisema 68,000. Aliyetuuzia huko alikuwa amezirudisha nyuma, na baba hakuangalia. Akauza kiwanja cha Pongwe, akamnunulia mwalimu injini nyingine. Nilikuwa darasa la sita, nakumbuka jinsi nyumba ilivyokuwa kimya wiki ile. Chini ya neno "Safi" ameandika kwa wino mwekundu: "Sikuangalia."

Kaka yangu aliye Dar ananiambia siku hizi gari linauzwa kwa simu, piga picha zing'ae, ukitaja ubovu mteja anahamia yadi nyingine. Hajakosea yote. Mwezi huu wawili wameondoka nikiwa bado nawaeleza, na wengine wakinikuta huuliza kwanza, "Mwenyewe yupo?" Inaniuma. Lakini biashara inakuja huku: bandari yetu imechimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi 13, meli zinafunga gatini badala ya kushusha shehena kwenye matishari, na meli za magari zimeanza kutia nanga hapa hapa. Picha nitapiga. Nitapiga na ya kutu pia.

Leo asubuhi nimekwenda yadi peke yangu na sumaku ya babu. Kuna Toyota IST moja, usajili wa namba D, kuna dada anaifuata kesho kutoka Korogwe. Nimeipitia yote, nimelala chini yake mpaka gauni likalowa oili, nimeangalia na fremu za milango yote minne. Kisha nikafungua daftari jipya:

"Mlango wa nyuma kulia una puti. Shokapu za mbele zimechoka. Feni ya redieta inachelewa kuwaka, injini ikipata moto simama usubiri."

Nafasi ya bei nimeiacha wazi. Nitamsomea kwanza.