Saa Tano ya Daktari

"Bibi, jicho likitoka damu, mwenyewe unaiona?"

Mjukuu wangu huyo, jana usiku, chupa ya matone mkononi. Siku hizi ananitilia yeye, maana nikijitilia mwenyewe tone la kwanza linaishia shavuni na la pili kwenye kope. Nikamwambia huioni. "Sasa ulijuaje?" Nikamwambia nyamaza, tia dawa.

Nilijua kwa sababu niliitwa nikiwa mlangoni.

Ilikuwa kliniki yangu ya kawaida. Presha ya macho 14. Herufi za ubaoni nilizisoma mpaka mstari wa mwisho bila kubabaika, daktari akanimulika kwa taa yake, akasema "sawa, mama," nami nikachukua mkoba. Kumbe yeye amerudi kwenye picha, zile wanazopiga za ndani ya jicho, na kimya chake kikawa kirefu.

"Mama, hebu rudi ukae kidogo."

Akaikuza picha ya jicho la kushoto mpaka ikajaa kioo chote. Nyekundunyekundu, rangi ya chungu kilichotoka kuchomwa, na upande mmoja duara jeupejeupe ambalo mishipa inachomoza humo kama mizizi. Hicho ndicho kichwa cha neva. Nyuzi zaidi ya milioni moja zinakusanyika hapo kutoka kila pembe ya jicho, zinashika njia moja kwenda kwenye ubongo. Katikati yake pana kishimo, na changu ni kikubwa kuliko inavyotakiwa. Hilo nilikuwa nalijua tangu siku ya kwanza ya glakoma, ugonjwa unaoila neva hiyo kidogo kidogo.

"Angalia hapa, saa tano."

Nikaangalia saa tano. Sikuona ila mishipa. "Sioni kitu, daktari."

"Saa tano, mama. Huku chini." Akagusa kioo kwa ncha ya kalamu, pale ambapo mimi na ukoo wangu wote tungesema saa kumi na moja. Tukacheka wote wawili. Yeye alisoma namba kama ilivyoandikwa, mimi nilisoma saa.

Kisha nikaiona, na kicheko kikakatika.

Kijistari chekundu, chembamba, ukingoni mwa duara, nusu ndani nusu nje. Ncha yake imechanikachanika kama mwali wa mshumaa uliopitiwa na upepo. Ungedhani mtu alianza kuandika kwa wino mwekundu akaghairi. Nilisogeza uso mpaka pumzi yangu ikatia ukungu kwenye kioo. Mimi ninayechomwa na sindano ya kushonea nikatafuta pamba nyumba nzima, nimevuja damu ndani ya jicho sina habari, na dakika chache zilizopita nimesoma herufi zote!

"Tunaizuiaje?"

"Hatuizuii. Itakauka yenyewe. Wiki kadhaa, pengine miezi miwili mitatu, hutaiona tena."

"Basi afadhali."

Hakuitikia hiyo afadhali. Alisema damu itaondoka, anachokihofia ni kitakachobaki pale ilipokuwa. Akanieleza kwamba damu ya namna hii huitwa kwa jina la Drance, daktari wa Kanada aliyewafanya wenzake waitilie maanani. Nikawaza, damu yangu, jina la mtu mwingine. Akasema pia kwamba ni rahisi kuikosa kwa kumulika tu. Baadaye nikaja kusoma kwamba katika utafiti mmoja mkubwa wa Marekani, damu hizo asilimia 84 zilionekana kwenye picha peke yake. Kwa hiyo ile "sawa, mama" yake ya mwanzo simlaumu.

Halafu akaniuliza, bila kuinua macho, "Matone unatia kila siku?"

"Natia."

Kwa siku nyingi lilikuwa jibu la kweli. Sikumtajia usiku wa uchovu, wala safari nilizosahau chupa, wala ile wiki dawa ilipokwisha nikajiambia presha yenyewe iko chini, haraka ya nini.

Akaniongezea dawa ya pili, anataka hata hiyo 14 ishuke. Nikabisha kidogo: si mlisema kawaida ni kati ya 10 na 21? Akasema damu hizi huonekana zaidi hasa kwa wenye glakoma ambao presha yao ni ya kawaida kama yangu. Tangu hapo nikisikia ugonjwa huu unaitwa presha ya macho, mimi nanyamaza.

Miezi mitatu baadaye kijistari hakipo. Nilishukuru kwa sauti, mle mle chumbani. Daktari alikuwa ameinamia mahali pale pale, anapima.

Mwaka uliofuata, kwenye ile mashine ya kubonyeza kila ukiona nuru (na nakiri nyingine nilibonyeza kwa matumaini tu), karatasi ilitoka na doa jeusi juu, upande wa pua. Damu ilikuwa chini, pengo likaja juu, kwa kuwa jicho hupokea picha ikiwa kichwa chini miguu juu. Ila mimi weusi wowote siuoni. Hakuna giza pale, kuna kutokuwepo, na jicho la pili linanifichia siri.

Siku hiyo nilimkiri kuhusu matone. Akakaa kidogo, akasema, "Huenda ingetokea hata kama ungetia yote." Hiyo huenda nimeigeuza huku na huku miaka yote hii, sijajua ni ya kunifariji au ya kunikanya.

Jana mjukuu alipomaliza kunitilia, nilienda nikasimama karibu na saa ya ukutani, nikafumba jicho la kulia, nikakazia katikati. Saa saba na saa nane hazikuwepo. Ukuta mtupu, safi. Nikafumbua, zikarudi.

"Bibi, unacheza nini?"

"Naangalia saa," nikamwambia.